Saa ya vitufe kwa jua la Dar: Garmin Forerunner 55

Ukikimbia Dar es Salaam, usichague saa kwa kuangalia kioo kinavyong'aa dukani. Anza na jasho. Saa moja asubuhi mwezi Februari, ukiwa katikati ya Toure Drive, mikono imelowa mpaka viwikoni, na kidole kilicholowa hakielewani na kioo cha kugusa. Unataka kusimamisha zoezi, saa inafungua muziki. Unataka kuona umbali, inakuletea ujumbe wa simu. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipende Forerunner 55 ya Garmin, saa iliyotoka mwaka 2021, isiyo na kioo cha kugusa kabisa. Ina vitufe vitano, vitatu kushoto na viwili kulia. Cha juu kulia kinaanzisha na kusimamisha, cha chini kulia kinafunga kipande kimoja cha zoezi na kufungua kingine. Vidole vinavizoea upesi, hata gizani, hata ukiwa umechoka.

Mimi ni muuguzi na zamu zangu hubadilika. Siku nyingine nakimbia saa kumi na moja alfajiri na wenzangu wa Kinondoni, siku nyingine nakimbia peke yangu saa tatu asubuhi nikitoka zamu ya usiku, jua likiwa limeshapanda. Kwa hiyo hiki ninachokiandika kimetoka kwenye giza na kwenye jua kali, na kwa mtu asiye na mwendo wa kutisha.

Tangu Alphonce Simbu atuletee dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo, Septemba 2025, kundi letu limepata sura mpya nyingi, na swali linalofuata baada ya viatu huwa ni saa. Simbu alimaliza kwa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Sisi wa Kinondoni shida yetu iko kwingine: tunakimbia kasi mno siku ambazo tulipaswa kwenda taratibu. Saa nzuri kwetu ni ile inayotuzuia.

Kwanza, sokoni. Kariakoo utaonyeshwa saa za bei rahisi zilizoandikwa GPS, yaani mfumo wa setilaiti wa kujulia mahali ulipo, ubavuni mwa boksi. Nyingi kati ya hizo hazina GPS yake yenyewe, zinaazima ya simu kupitia Bluetooth. Ukiacha simu nyumbani, saa inabaki kukisia umbali kwa kuhesabu mkono unavyopunga. Namna ya kuijua kabla hujatoa hela ni hii: mwombe muuzaji azime Bluetooth ya simu, tokeni nje mahali penye anga wazi, fungua zoezi la kukimbia nje, kisha subiri. Saa yenye GPS yake itatafuta setilaiti na kukuambia iko tayari. Muuzaji mmoja aliniambia, "Dada yangu, hizi zote ni sawa tu, tofauti ni jina." Nikamwomba tutoke nje tuijaribu. Hakutaka, nami nikaenda duka lingine.

Yangu niliilipia laki tano na nusu, mpya. Ilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa dola 199.99. Mbele yangu kulikuwa na nyingine mbili zinazostahili kutajwa. Forerunner 165, ya mwaka 2024, ina kioo cha rangi kali na kipima hewa cha kujulia mwinuko. Kioo chake ni cha kugusa, lakini ina vitufe vitano vilevile, kwa hiyo haikufungi. COROS Pace 3, ya mwaka 2023, ina uzito wa gramu 30 tu ikiwa na mkanda wa kitambaa, inapokea ishara za setilaiti kwenye masafa mawili ya redio, na chaji yake ni ya wakimbiaji wa mbio ndefu sana. Mwenye hela ya ziada na anayekimbia milimani, ningemwambia achukue hiyo ya COROS. Kwa anayekimbia barabarani mara nne kwa wiki, Forerunner 55 inatosha na chenji itakayobaki inunue viatu.

Kioo chake hakivutii dukani. Ni kidogo, rangi zimefifia, chini ya taa za duka kinaonekana kama cha zamani. Kipeleke juani. Aina hii ya kioo hutumia mwanga wa nje kujionyesha, kwa hiyo jua linavyozidi kuwaka ndivyo tarakimu zinavyozidi kusomeka. Saa tatu asubuhi pale Coco Beach naisoma kwa kutupa jicho mara moja. Alfajiri kuna kitufe cha taa, au unaiweka iwake yenyewe ukiinua mkono. Na kwa sababu kioo hicho hakili umeme mwingi, chaji inakwenda hadi wiki mbili kwa matumizi ya kawaida, au saa 20 GPS ikiwa imewashwa. Umeme ukikatika siku mbili huna wasiwasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalifanyi. Ikitoka kwenye boksi, saa itakuonyesha mwendo wako wa wakati uleule, yaani dakika kwa kilomita, na tarakimu hiyo inarukaruka: 5:40, 6:25, 5:50, ukiwa hujabadilisha chochote. Saa inakokotoa mwendo kutokana na mfululizo wa sehemu ulizopita, na kila sehemu ina kosa la mita kadhaa. Ukiifuata tarakimu hiyo utakuwa unakanyaga breki na mafuta njia nzima. Ingia kwenye mpangilio wa zoezi la kukimbia, badilisha ukurasa wa kwanza uwe na vitu vitatu: wastani wa mwendo wa kilomita unayokimbia sasa, mapigo ya moyo, na umbali wote. Wastani wa kilomita unatulia baada ya mita mia mbili hivi, na ndio wa kuuamini. Kurasa nyingine zote mimi nimezifuta.

Halafu kuna subira ya setilaiti. GPS ni ya Wamarekani, lakini saa hii inaweza pia kusoma GLONASS ya Warusi na Galileo ya Ulaya, na inahitaji kuziona angalau setilaiti nne kwa pamoja ili ijue iko wapi. Unapoiunganisha na programu ya Garmin Connect kwenye simu, inapakua ratiba ya mahali setilaiti zitakapokuwa kwa siku kadhaa zijazo. Iunganishe usiku kabla ya kulala, na asubuhi itazipata kwa sekunde chache. Iache wiki nzima bila kuiunganisha, utasimama getini ukiitazama na wenzako wameshafika kona. Ikisema iko tayari, mimi huipa dakika moja zaidi. Mstari wa njia unatoka safi kuliko nikianza papo hapo.

Mahali pa kuijaribia ni Daraja la Tanzanite. Daraja lenyewe lina urefu wa kilomita 1.03 juu ya bahari, anga liko wazi pande zote, hakuna ukuta wa kurudisha ishara. Hapo mstari wangu kwenye ramani umenyooka kama rula. Ingia mjini, upite Samora katikati ya maghorofa, na mstari unaanza kuvuka nyumba za watu, kwa sababu ishara inagonga kuta kwanza ndipo ifike mkononi. Saa zenye masafa mawili zinavumilia hali hiyo vizuri zaidi. Mimi siku nikipita Posta naangalia mapigo tu, mwendo nauacha.

Na mapigo ndiyo moyo wa suala zima katika joto letu. Mwendo wa dakika 6:30 kwa kilomita, alfajiri, unanipa mapigo 148 au 150. Mwendo huohuo saa tatu asubuhi unanipeleka 162, na kilomita tatu mbele ni 168, ingawa miguu haijaongeza kitu. Kazini tunaliona hilo kwa wagonjwa wenye homa: damu inapelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, jasho linapunguza maji ndani ya damu, kila pigo linasukuma damu kidogo, kwa hiyo moyo unaongeza idadi ya mapigo. Kwa Dar, mazoezi mepesi yanapimwa kwa mapigo. Nimeiwekea saa kikomo cha juu cha mapigo. Nikipita, inatetemeka, natembea mpaka yashuke. Wapo wanaoona haya kutembea mbele za watu Oysterbay. Tembea, dada, tembea kaka, mwili wako unajengeka hapohapo.

Saa itakupa pia namba ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ile VO2max, na makisio ya muda wako wa kilomita 5 mpaka marathoni. Inazipata kwa kulinganisha mwendo na mapigo. Sasa kama mapigo yamepandishwa na joto, saa inadhani umedhoofika. Baadhi ya ndugu zake wakubwa wanachukua hali ya hewa ya eneo ulipo na kusahihisha joto likizidi nyuzi 22, lakini hii haina hesabu hiyo. Kwa hiyo Januari hadi Machi namba itashuka. Isikuvunje moyo, na usiongeze mazoezi kwa ajili yake.

Kuhusu taa ya kijani ya nyuma, nimeulizwa sana kama inasoma ngozi nyeusi. Yangu ni nyeusi na inanisoma vizuri mradi mkanda umekaza na saa imekaa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Ikilegea inaanza kucheza na mkono, na inaweza kusoma mtikisiko wa hatua badala ya damu. Ukiona mapigo 170 na hatua zako ni 170 kwa dakika, na unaongea bila kuhema, kaza mkanda. Kwa mazoezi ya kukimbia kasi vipande vifupi, taa ya mkononi huchelewa: kipande cha sekunde arobaini kinaisha kabla namba haijapanda. Mwenye kutaka usahihi hapo anunue mkanda wa kifuani; Polar H10 inashirikiana nayo ingawa ni ya kampuni nyingine.

Mbio nilizokuwa najiandalia ni nusu marathoni ya Kilimanjaro, Moshi. Inaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, inapanda taratibu kuelekea Mweka, kisha inakushusha kurudi mjini. Ukiupanga mlima huo kwa mwendo utaumia kabla ya kugeuka. Niliupanda kwa mapigo, nikakubali kilomita za dakika saba na zaidi, watu wakanipita, na kwenye mteremko nikawakuta. Forerunner 55 haina kipima hewa, kwa hiyo usiitegemee kwa namba za mwinuko ukiwa unakimbia. Programu ya simu inazisahihisha baadaye kwa ramani ya ardhi. Kwa Moshi sikuona hasara, maana mlima huo miguu inauhisi yenyewe.

Jambo moja la siku ya mashindano: zima ile kengele ya kilomita moja moja. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, na njia hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaowezekana kukimbiwa. Wewe utapita kona kwa nje, utakwepa watu, utakwenda upande wa meza za maji, na saa ina makosa yake madogo. Mwisho itasoma 21.3 au 21.4, na kila kengele italia kabla hujafika bango la kilomita. Mtu akiifuata anajidhani yuko ndani ya muda kumbe amepitwa na sekunde kadhaa kila kilomita. Bonyeza kitufe cha chini kulia mwenyewe kila ukipita bango, na wastani utakaouona ni wa njia halisi. Hapo ndipo vitufe vinapolipa, kwa vidole vilivyolowa maji ya kujimwagia.

Matunzo ni madogo lakini usiyaache. Jasho na upepo wa bahari vina chumvi, na nyuma ya saa kuna pini nne za chaji. Ikichajiwa zikiwa mbichi zinaanza kutu. Isuuze kwa maji baridi ya bomba, ipanguse, iache ikauke, ndipo uchomeke waya. Sabuni usiiache chini ya mkanda, ngozi itawasha. Mkanda wenyewe ni wa mpira laini na unabadilishika.

Wapo watakaopendelea ya mtumba, na si vibaya. Angalia pini za chaji kwa tochi ya simu, bonyeza vitufe vyote vitano usikie kama kuna kilichokwama, halafu uiunganishe na programu kwenye simu yako mbele ya muuzaji. Kama bado imefungwa kwenye simu ya mwenyewe wa zamani, aitoe kwanza ndipo umpe hela.