Oolong iliyobanikwa kwa mkaa, kwa wanywaji wa Dodoma
Da Hong Pao hutoka milima ya Wuyi, katika jimbo la Fujian nchini China. Ni chai ya oolong, yaani majani yake huachwa yachache kiasi tu, kisha hubanikwa polepole kwa joto la mkaa hadi yawe na rangi nyeusi. Majani ya pakiti niliyonunua ni marefu na yamesokotwa vizuri. Yakimwagiwa maji hutoa harufu ya karanga zilizokaangwa, ikifuatiwa na utamu mwembamba unaokaa kooni muda mrefu.

Tafadhali usiichemshe jikoni pamoja na sukari na tangawizi kama chai yetu ya rangi, kwani ladha yake yote itafunikwa. Weka gramu 5 katika birika dogo la mililita 100, mimina maji yanayochemka, uyaache kwa sekunde 15 hivi, kisha umimine chai yote vikombeni. Majani hayo hayo yatafaa kwa mara 6 au zaidi, mradi uongeze muda kidogo kila mara. Kwa kuwa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo yatumie papo hapo. Maji ya kisima yenye chumvi huifubaza kabisa; ya chupa ni bora zaidi.

Bei ni kubwa, na pakiti haionyeshi tarehe ya kubanikwa, kasoro ambayo muuzaji anapaswa kuirekebisha. Hata hivyo, nitainunua tena.