Ngome ya Conwy: nimeenda mara tatu, na mwezi wa kwenda ni huu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sichambui simu wala jiko la gesi. Nachambua jengo lenye zaidi ya miaka mia saba, ngome ya Conwy, kaskazini mwa Wales. Mnaniuliza kila siku: twende mwezi gani? Mei. Sasa nisikilizeni.

Mara ya kwanza nilikuja Agosti, shule zimefungwa. Nilizunguka kutafuta pa kuegesha gari mpaka watoto wakamaliza chakula cha mchana humo humo kwenye viti. Ndani, ngazi za minara ni nyembamba na zinazunguka kama konokono, kwa hiyo anayepanda na anayeshuka wanakutana tumbo kwa tumbo, mmoja arudi kinyumenyume. Nikafika juu, hata sijahema vizuri, nyuma foleni.

Mara ya pili, Desemba. Watu hakuna, raha tupu! Lakini saa kumi jioni jua linazama, mawe yanateleza, na karibu jengo zima halina paa, upepo wa baharini unakupiga utakavyo. Nikamkumbuka mwenyewe aliyeijenga, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Kaiteka nchi ya watu, kaanza ujenzi 1283, miaka kama minne kazi kubwa imekwisha. Halafu wenyeji wakaasi, wakiongozwa na Madog ap Llywelyn, wakamzingira humo humo ndani, baridi ya 1294 kuingia 1295. Chakula kikawa cha kusubiri meli. Sasa kama mwenye nyumba yalimkuta hayo, wewe mgeni je?

Mei ndipo nilipoiona ngome hasa. Jua lipo mpaka karibu saa tatu usiku, mvua ni chache kuliko za vuli na baridi, ingawa koti beba, Wales ni Wales. Nilipata muda wa kutazama. Angalieni hapa ukutani, hii sehemu ya kuotea moto imening'inia juu peke yake. Sakafu ilikuwa ya mbao, haipo tena. Na haya mabaki meupe ni chokaa. Zamani ngome yote iling'aa nyeupe.

Ndugu zangu wa Mombasa, najua mtasema Fort Jesus. Hapana. Fort Jesus ni ya 1593, enzi ya mizinga, ndiyo maana kuta zake ni nene na zina mteremko. Hii ni ya enzi ya mishale, minara minane imesimama wima.

Ukitoka, usikimbilie gari. Panda kuta za mji, kama kilomita moja na robo, minara 21, na hulipi hata senti. Kwangu hizo zinaishinda ngome yenyewe.

Kasoro? Mwenye magoti mabovu atabaki uani, na kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Na Mei yenyewe ikwepeni Jumatatu ya kwanza na ya mwisho, ni sikukuu, pamoja na wiki ya mwisho shule zikipumzika. Vinginevyo mtakutana na Agosti yangu.

Mkija kwa treni, shukeni Llandudno Junction, mvuke daraja kwa miguu. Minara yote inawajia mbele, taratibu, na mto chini yake. Kamera iwe mkononi.