Ushauri wa majina ya Kijapani: tulivyompata Nami

Sisi si Wajapani, wala hatuna ndugu Mjapani. Mume wangu na mimi tulijuana darasani tukijifunza Kijapani, na nilipopata ujauzito tukataka mtoto awe na jina la lugha iliyotukutanisha. Tukachagua Hana, maana yake ua. Nikampigia mama simu kumweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hana nini?"

Ndipo tukalipia ushauri wa majina kwa njia ya video. Orodha waliyotutumia kwanza ilinivunja moyo: ilikuwa na Kumi, ilikuwa na Wakana. Kijapani ni majina ya heshima kabisa, lakini mwanangu ataitwa na watu wanaosema Kiswahili.

Mshauri mwenyewe, mwanamke wa Kijapani, ndiye aliyestahili pesa yetu. Alitutaka tuite kila jina kwa sauti, kama tunavyomwita mtoto aliye nje. Nilipoita Nami, akatabasamu, akauliza: kwa kanji ipi? Kanji ni alama za maandishi ya Kijapani zenye asili ya Kichina; sauti moja huandikwa kwa kanji mbalimbali, na maana hukaa kwenye kanji. 波 ni wimbi, jina zuri, ila ndiyo hiyo hiyo inayomalizia neno tsunami, na tangu Machi 2011, tsunami ilipoipiga Japani, wapo ambao ikiwajia machoni wanakumbuka waliowapoteza. Akatupa 奈美, hiyo ya pili ni uzuri. Jambo hilo nisingelijua kamwe kwa kupekua kamusi.

Nilimwuliza pia kama Wajapani watachukia. Akasema yeye hachukii, ila atakayesoma jina kabla ya kumwona mwenyewe atamtarajia Mjapani, na mtoto ndiye atakayejieleza. Basi tumsimulie asili ya jina lake mapema. Nilimshukuru kwa kutonificha.

Kilichoniudhi ni nyongeza ya kupima bahati kwa kuhesabu mistari ya kanji. Hesabu hiyo hujumlisha jina la ukoo na la mtoto, na letu la ukoo halina kanji. Wakaliandika kwa katakana, alama za Kijapani za sauti tu, wakahesabu vivyo hivyo, wakatutoza. Walipaswa kutuambia kabla ya kulipa.

Nami sasa ana miezi saba. Bibi yake akimbeba humwambia, "Nami, twende nami." Nikijaliwa mwingine nitarudi kwa mshauri yule yule, ila hesabu ya bahati nitaikataa mapema.