Bordeaux au Burgundy: mvinyo mwekundu wa kuweka akiba

Kwa anayenunua mvinyo mwekundu wa Ufaransa ili aukalishe miaka mingi kisha auuze, mimi naanzia eneo la Bordeaux. Shamba la Château Lafite lina zaidi ya hekta 100 za mizabibu, na daraja lake la kwanza katika orodha rasmi ya mvinyo wa Bordeaux limesimama tangu 1855. Bei zake zinajulikana na mnunuzi hakosekani.

Shamba la Romanée-Conti, katika eneo la Burgundy, halifiki hata hekta 2. Uhaba huo ulifanya chupa moja ya mwaka 1945 iuzwe kwa dola 558,000 New York mwaka 2018. Ni faida ya kutamanisha kweli! Lakini uhaba huohuo huwavuta wenye kughushi: mfanyabiashara wa mvinyo Rudy Kurniawan alitiwa hatiani mwaka 2013 kwa chupa bandia, zikiwemo za Burgundy. Kwa Burgundy, bila hati za kuonyesha chupa ilikohifadhiwa tangu itoke shambani, usitoe pesa.