FABP4 na FABP5, ipi mkorofi zaidi kwenye kisukari?
Juzi niko Mwaloni Kirumba, Mwanza, naangalia makuli wanavyoshusha magunia ya dagaa, nikawaza kwenye seli nako kuna makuli, protini ndogo zinazobeba asidi za mafuta maana mafuta na maji hayaivi. Zinaitwa FABP, ziko nyingi ila mi nalinganisha mbili tu.

FABP4 ndo naishuku kuliko zote. Inakaa kwenye seli za mafuta na kwenye makrofaji, wale askari wa mwili, sasa mtu akinenepa inajaa mpaka kwenye damu, inafika kwenye ini inaliambia litoe sukari zaidi, afu huko kwenye makrofaji inachochea inflamesheni (uvimbe wa ndani kwa ndani) na insulini, homoni ya kushusha sukari, inaanza kudharauliwa. Panya wanene wasio nayo, utafiti wa 1996 huo, insulini yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya wenzao.

FABP5 iko sana kwenye ngozi, ila kwenye seli hizohizo za mafuta nayo ipo kidogo. Ukiitoa FABP4 hii inapanda kuziba pengo, yaani kama utingo anarukia usukani dereva akishuka! Panya waliokosa zote mbili ndo walikingwa kwelikweli na kisukari na ini kujaa mafuta.