Tovuti ya ENIC-NARIC: Msaada kwa Wanaotaka Vyeti Vyao Vitambuliwe Ugenini

Kwa yeyote anayekusudia kusoma au kufanya kazi katika nchi nyingine, hasa barani Ulaya, ningeshauri aifungue tovuti ya ENIC-NARIC, mtandao wa vituo vya kitaifa vinavyotoa taarifa kuhusu utambuzi wa vyeti vya elimu, kabla ya kumlipa wakala yeyote. Inaendeshwa kwa ushirikiano wa Baraza la Ulaya, UNESCO na Kamisheni ya Ulaya, na kuitumia ni bure: unachagua nchi uendayo, kisha unapata anwani ya kituo chake rasmi pamoja na maelezo ya mfumo wake wa elimu.

Kwa maoni yangu, thamani yake kubwa ni kumjulisha mwombaji haki zake. Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997 unazitaka nchi wanachama wa mkataba huo kutambua sifa za kielimu zilizopatikana katika nchi nyingine mwanachama, isipokuwa pale inapothibitishwa kwamba kuna tofauti kubwa, na aliyekataliwa ana haki ya kuelezwa sababu na kukata rufaa. Hata wakimbizi wasio na nyaraka wamewekewa kifungu chao, jambo linalonigusa sana.

Hata hivyo, tovuti yenyewe haitathmini cheti chochote. Kazi hiyo hufanywa na mamlaka za kila nchi, ambazo ada na muda wake hutofautiana. Tena, shahada kulinganishwa hakumruhusu daktari au muuguzi kuanza kazi, kwa kuwa taaluma zinazodhibitiwa kisheria huhitaji pia idhini ya mamlaka inayosimamia taaluma husika.