Mikono ya mama ni ya kweli, kijiko bado: tamthilia ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, Mtwara

Tamthilia hii ya kikundi cha vijana wa Mtwara mjini inachukua saa moja na robo bila mapumziko, na karibu yote inatendeka sebuleni mwa nyumba moja ya Chikongola. Baba anachuuza samaki. Mama anashinda na binti wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo: hakai mwenyewe, hasemi, anameza kwa shida. Bibi mzaa baba anataka mtoto apelekwe kwa mganga, na mjomba anakuja kutoka Newala msimu wa korosho. Nyumba ni ya Kimakonde, ambako ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba ndilo linalosubiriwa.

Kinachoibeba kazi hii ni mikono ya mwigizaji wa mama. Miguu ya mtoto imekakamaa na kupishana kama mkasi, lakini mama haivuti. Anakunja nyonga kwanza, anasubiri, goti linalegea lenyewe, ndipo anampachika kiunoni, paja moja mbele na jingine nyuma, na kufunga kanga. Miguu inaachana bila kulazimishwa. Angevuta goti kwa nguvu, misuli ingekaza zaidi. Kanga ya pili ni ya kufutia udenda. Anaigeuza pembe hadi pembe, ikilowa yote anaitupa kwenye beseni. Hakuna anayesema neno kwa muda mrefu, na ukumbi mzima unatulia.

Kiti wamekitengeneza kwa maboksi yaliyobandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya uji wa unga. Mgongo umesimama, kuna kizuizi kati ya mapaja na meza kwa mbele. Ni kazi safi, ila hakina pa kukanyagia. Miguu ikining'inia, mwili wa mtoto hujinyoosha na makalio huteleza mbele mpaka anakuwa nusu amelala. Kipande cha boksi chini ya nyayo, magoti yakunjike pembe mraba, kinatosha. Wakipake vanishi pia, maana boksi likilowa mkojo halidumu.

Kasoro kubwa ni kijiko. Mama anamlisha mtoto amelala mapajani, kichwa kimerudi nyuma, uji mwepesi. Taa inamulika nyuso zao na picha inapendeza, lakini ulishaji huo ndio unaopeleka uji mapafuni na kuleta kikohozi kisichoisha na nimonia. Mtoto huketishwa wima, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Uji uwe mzito, unaoshuka polepole kwenye kijiko. Anapewa nusu kijiko, anasubiriwa ameze, ndipo kinakuja kingine, na baada ya mlo halazwi kwa nusu saa hivi. Mlo wenyewe nao huchukua nusu saa au zaidi, na hapo ndipo penye mchezo: mume anaita, mboga inaungua jikoni, mama hawezi kunyanyuka. Waandishi wameipita nafasi hiyo.

Onyesho la kifafa limeanza vizuri. Wiki samaki walipoadimika baba hakununua dawa, na mtoto aliyekatishiwa dawa ghafla anaanguka. Sababu na tokeo vimeshikana. Lakini baba anamtia kijiko mdomoni, bibi anambana mikono, na hakuna anayewakataza. Watu watatoka ukumbini wakiamini ndivyo inavyofanywa! Kijiko huvunja meno na kuweza kuziba hewa. Mtoto analazwa ubavu, analegezwa nguo shingoni, saa inatazamwa. Dakika 5 zikipita anakimbizwa hospitali. Mama amnyang'anye baba kile kijiko, aseme, "Mlaze ubavu!" Mstari huo mmoja unaponya onyesho zima.

Bibi ameandikwa kwa heshima. Anasema mashetani, nesi anamweleza kwamba mtoto alichelewa kulia siku ya kuzaliwa na ubongo ukakosa hewa, naye anauliza polepole, "Kwa hiyo mama yake hakukosea?" Mwigizaji huyu apewe nafasi zaidi. Mjomba anahutubia mno, na ngoma ya sindimba iliyopachikwa katikati ya kikao cha familia haina kazi. Baba analewa na kuondoka. Ni rahisi mno. Hakuna popote anapofundishwa kumbeba mwanawe, na tungependa kumwona akijaribu hata mara moja, akikosea.

Binti anayeigiza mtoto anajua kukaza mkono, lakini mlango ulipobamizwa hakushtuka. Mtoto wa namna hii, kelele ya ghafla humkaza mwili mzima, na mlango huo unabamizwa mara nne.

Onyesho la mwisho ni usiku. Taa inawaka, mama anamgeuza mtoto upande wa pili, anapapasa nyonga na visigino kutafuta wekundu, anazima. Saa mbili baadaye inawaka tena, anageuza, anapapasa. Mara ya tatu ni baba, aliyekwisha kurudi, ndiye aliyeamka, amesimama na taa mkononi, hajui aanze kushika wapi.